Tezi Iliyodharauliwa

Huko Meru na Embu, mvulana aliyepata kusaidia kuchuna mbuzi huyajua maini, figo na bandama. Lakini mbuzi akiwa bado mchanga, kifuani mbele ya moyo huonekana pia kipande cha nyama laini, cheupe-cheupe, ambacho kwa mbuzi mzee hunywea hata kikawa kama mafuta tu. Hiyo ndiyo tezi ya thimasi. Sisi nasi tunayo.

Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya na Marekani hawakuijua kazi yake. Maiti walizojifunzia nyingi zilikuwa za maskini waliougua siku nyingi, na maradhi huinywesha tezi hiyo. Basi walipomwona mtoto aliyekufa ghafula ana thimasi kubwa, wakadhani ndiyo iliyomwua. Kumbe huo ndio ukubwa wake wa kawaida! Watoto wengi wazima wakapigwa eksirei ili tezi ipungue, na mwaka 1950 ikaandikwa kwamba baadhi yao walipata saratani ya tezi ya shingo. Madaktari hao hawakuwa wavivu. Walipima, ila kipimo chenyewe kilikuwa kibovu.

Mwaka 1961 Jacques Miller, mzaliwa wa Ufaransa aliyekulia Australia, alikuwa London akichunguza saratani ya damu. Aliwatoa thimasi panya waliozaliwa punde. Wakakonda, wakafa kwa maradhi. Tena ngozi ya panya mgeni ilipobandikwa juu yao, miili yao haikuikataa. Hata hivyo, mwaka 1963 Peter Medawar, bingwa mwenye Tuzo ya Nobel, aliandika kwamba kuwapo kwa chembe nyeupe za damu ndani ya thimasi hakuna maana kubwa.

Mwaka 1969 Wajapani wawili, Nishizuka na Sakakura, waliitoa tezi hiyo kwa panya wa siku 3. Safari hii mwili wenyewe uliharibu viungo vyake vya uzazi. Kwa nini?

Hapo kale vijana wa Meru waliotoka jandoni walikuwa askari wa nchi, lakini kwanza walifunzwa na wazee, maana mkuki usio na adabu huweza kumgeukia ndugu. Thimasi hufanya vivyo hivyo: chembe changa hujaribiwa humo, na nyingi zinazoushambulia mwili hufa. Chache hupona na kutoka. Kwa hiyo thimasi hutoa pia chembe nyingine za kuzizuia. Katika panya wale, washambuliaji walikwisha kutoka, wazuiaji bado. Shimon Sakaguchi alizitambulisha chembe hizo za kuzuia mwaka 1995, na mwaka 2025 akashiriki Tuzo ya Nobel.

Kwa wanadamu, uko ugonjwa uitwao mayasthenia, ambao kope za mgonjwa huanguka na mikono huchoka upesi, kwa kuwa mwili hushambulia mahali mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Mwaka 1936, huko Nashville, Alfred Blalock alimtoa msichana mmoja uvimbe wa thimasi, naye akapata nafuu. Sababu yake haikufahamika mpaka miaka mingi baadaye.