Pat Paulsen: Mgombea Asiyecheka

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa misiba katika siasa za Marekani. Martin Luther King aliuawa mwezi Aprili, Robert Kennedy akauawa mwezi Juni, na mwezi Agosti polisi wa Chicago wakawapiga waandamanaji wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Katika mwaka huohuo, mchekeshaji Pat Paulsen aliwania urais bila kutabasamu hata mara moja.

Paulsen, mzaliwa wa jimbo la Washington mwaka 1927, alipata umaarufu kupitia kipindi cha ndugu wawili wa Smothers, kilichoanza kurushwa na CBS mwaka 1967. Humo alisoma tahariri kwa sauti isiyopanda wala kushuka, uso umepooza kama wa karani aliyechoka. Kwanza alikana kuwa na nia ya kugombea, kama wakanavyo wanasiasa. Baadaye akageuka, kama wageukavyo. Mwaka 1968 alitunukiwa tuzo ya Emmy.

Nguvu yake haikuwa katika kuiga sauti ya kiongozi fulani. Aliichukua lugha ya jukwaani, pamoja na ahadi zake tupu na ukwepaji wake, akaisema kwa uzito uleule wa wenyewe. Kwa kuwa yeye hakucheka, mtazamaji aliachiwa kazi ya kuamua upuuzi uko wapi. Aliyekwisha kuutambua kwa Paulsen hakushindwa kuutambua kwa waziri.

Wenye kituo hawakuwa na subira na kejeli. Mwaka 1967 CBS ilikata wimbo wa Pete Seeger uliogusa vita vya Vietnam, na mwaka 1969 ikakifuta kipindi chenyewe baada ya mvutano mrefu juu ya udhibiti.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwaka 1972 jina la Paulsen liliingia katika kura za mchujo za chama cha Republican huko New Hampshire, dhidi ya Rais Nixon. Hapo sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934 ikamwangukia: kituo kinachompa mgombea mmoja nafasi hewani sharti kiwape wapinzani wake nafasi sawa. Tume ya mawasiliano iliamua kwamba hata kuonekana kwake katika kipindi cha burudani cha Walt Disney kulihesabika. Paulsen alidai kuwa analazimishwa kuchagua kati ya riziki na haki ya kugombea. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa ikaiunga mkono Tume.

Uamuzi huo una hoja yake. Serikali ikipewa mamlaka ya kutenganisha mgombea wa kweli na wa mzaha, kesho itawaita wapinzani wote wachekeshaji. Kanuni hiyohiyo ilivifanya vituo viogope kuonyesha filamu za zamani za Ronald Reagan alipogombea. Hata hivyo, gharama ya usawa huo haikuwa sawa: mwanasheria aliyegombea aliendelea na kesi zake, mkulima na shamba lake, lakini msanii wa televisheni alifungiwa mlango wa kazi.

Paulsen aliendelea kugombea hadi mwaka 1996, alipopata takriban asilimia 1 New Hampshire, na akafariki mwaka uliofuata. Hakushinda popote. Lakini swali lake lingali mezani kwa kila anayetunga au kusimamia sheria za uchaguzi: je, haki ya kugombea ni ya raia wote, au ni ya wale tu wanaomudu kuacha kazi?