Embe Hunuswa Kabla ya Kumenywa

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali pamoja na achari za ndimu, tangawizi mbichi na embe, akaona ni lazima awaeleze wasomaji wake tunda hilo: likiiva ni tamu, likiwa bichi ni kali kama ndimu. Kisha akashuka hadi Mombasa, safari inayopita mbele ya visiwa vya Lamu. Embe, tunda la asili ya Bara Hindi, lilikwisha kuzoeleka pwani hii miaka karibu 700 iliyopita, na kujua limefika wapi kati ya ukali na utamu ni ujuzi wa tangu hapo. Ujuzi huo, kwa maoni yangu, ni upimaji wa kemikali hasa, ingawa haukupewa jina hilo.

Tazama Lamu inavyoifundisha pua. Kikuba huungwa kwa asumini, rehani na mkadi, kila kimoja kwa kadiri yake. Udi hufukizwa chetezoni mpaka nguo ishike. Anayekulia katika nyumba ya namna hiyo huzoea kuzipambanua harufu zilizochanganyika, na embe lina mchanganyiko wa aina hiyohiyo: terpeni zenye ukali wa utomvu, ambazo huzisikia vizuri ukinusa penye kikonyo, pamoja na esta na laktoni zinazozidi tunda likiiva. Ngowe, lile embe refu lenye ncha iliyopinda, halinukii kama dodo. Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd, wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walipotangaza pua yao ya kielektroniki, hawakutafuta kihisi kimoja kwa kila harufu. Walilinganisha miitikio ya vihisi vichache. Nasi hunusa vivyo hivyo.

Atasemaye kwamba pua huchoka, tena haitoi tarakimu, amesema kweli. Ethilini, gesi inayoivisha tunda, kihisi huinasa ikiwa kidogo mno kwa pua. Lakini mashine haijui neno “bivu” mpaka ioneshwe maembe ambayo mtu amekwisha kuyapima. Ikifunzwa kwa aina ya embe iitwayo Tommy Atkins peke yake, ngowe italihukumu kwa sheria za ugenini. Kwa hiyo kihisi kikiletwa Lamu, wa kuitwa kwanza ni muuzaji ambaye hulileta tunda puani, upande wa kikonyo, kabla ya kutaja bei.