HISTORIA YA DARASANI NA HISTORIA YA UWANJANI



Muulize mwanao wa shule habari za Vita vya Maji Maji. Atakujibu upesi: vilianza Umatumbi mwaka 1905, vikaisha 1907, sababu yake ni kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu, na aliyegawa maji ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Majibu hayo ni sahihi, na kwa mtihani yanatosha.

Sasa mpeleke Songea tarehe 27 Februari. Atakuta watu wamekusanyika penye makumbusho, wakiwakumbuka wazee wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Hapo atasikia lisilomo kitabuni mwake: jamaa wa Songea Mbano wangali wakiuliza kichwa cha mzee wao kilipelekwa wapi.

Je, ipi kati ya hizo mbili ndiyo historia? Sisi twasema kila moja ni pungufu bila ya mwenziwe.

Kitabu kina tarehe na sababu, lakini mengi yake yalichotwa katika karatasi za watawala, na mtawala hakuwahesabu vyema wafu wa wenziwe. Serikali ya Kijerumani ilitaja 75,000. Wako wataalamu wafikao 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa makusudi. Uwanja nao una machozi na heshima, lakini hupenda mashujaa tu. Ni nadra kutajwa huko kwamba askari wengi waliotumwa kuchoma vijiji walikuwa Waafrika, na kwamba wako machifu waliowasaidia Wajerumani.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walitoka madarasani wakaenda vijijini kuwauliza wazee waliokumbuka vita vile. Kalamu ikakutana na ulimi, na tukapata habari ambazo karatasi za Kijerumani hazikuwa nazo. Wazee wale leo hawapo tena. Lau wasingeulizwa, wangezikwa nazo.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha. Mtoto aliyekariri tarehe tu, atajuaje kilichoombewa msamaha?

Basi, ewe mwalimu, watoe wanafunzi wako wakaulize. Nawe mzazi, simulia ulichosikia, wala usiongeze chumvi. Ushahidi ni amana, na amana haifichwi wala haipambwi.