Stakabadhi ya Barua Isiyosomwa

Kabla ya mwaka 2005, mfanya biashara wa Italia aliyetaka kuiarifu serikali jambo lenye nguvu ya sheria, au afisa wa serikali aliyetaka kumwarifu mfanya biashara, aghalabu alitumia barua ya rejista yenye hati ya kurudi. Mtumaji alikwenda posta, akalipa, akapewa stakabadhi; tarishi akaifikisha barua mlangoni; mpokeaji akatia sahihi katika kikaratasi, na kikaratasi kikarudi kwa mtumaji. Thamani ya desturi hii haikuwa katika bahasha, ila katika kikaratasi kile. Neno la barua laweza kukanwa. Sahihi ya mkono wa mtu ni shida kuikana.

Amri ya Rais wa Jamhuri namba 68, ya tarehe 11 Februari 2005, iliweka kitu kingine mahali pa kikaratasi hicho. Kiliitwa Posta Elettronica Certificata, yaani posta ya elektroniki iliyothibitishwa, na kwa ufupi PEC. Mtumaji hupeleka ujumbe kwa mwenye huduma aliyeidhinishwa na serikali, naye humpa stakabadhi ya kwanza, ya kukubaliwa. Kisha huufunga ujumbe katika bahasha ya elektroniki yenye sahihi yake, akaupeleka kwa mwenye huduma wa mpokeaji. Huyu, akishauweka sandukuni, hutoa stakabadhi ya pili, ya kufika. Kumbukumbu za safari hiyo huhifadhiwa miezi 30. Kampuni ya watu binafsi itakayo kazi hii sharti iwe na mtaji usiopungua euro 1,000,000. Sheria haikutaka shahidi maskini.

Stakabadhi ya pili yastahili kutazamwa sana. Amri inasema kwamba hutolewa ujumbe unapowekwa sandukuni, mpokeaji awe ameusoma au hakuusoma. Maneno hayo ni machache, walakini yaligeuza mambo. Zamani mzigo ulikuwa wa tarishi, kumtafuta mtu. Sasa ukawa wa mtu, kulitazama sanduku lake. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye tangu zamani huzifuata barua zake katika sanduku la posta badala ya kuletewa mlangoni, huenda asione ajabu. Lakini sanduku la posta halikupata kumwandikia hakimu kwamba barua imefika saa fulani na dakika fulani.

Huko Ujerumani jambo la namna hii liliachwa katika hiari ya watu. Sheria ya De-Mail ilianza tarehe 3 Mei 2011. Wananchi na wafanya biashara wengi hawakuivutiwa, na Deutsche Telekom ikaifunga huduma yake mwaka 2022. Italia ilishika njia ya lazima. Amri ya tarehe 29 Novemba 2008, iliyothibitishwa kuwa sheria mwezi Januari 2009, iliagiza kila kampuni mpya itaje anwani yake ya PEC inapoandikishwa, na kampuni za zamani zikapewa miaka mitatu. Mwaka 2012 wakaongezwa wafanya biashara wa peke yao, na ikaamriwa iwepo orodha ya anwani hizo iliyo wazi kwa watu wote.

Mwaka huo huo jambo liligusa uhai wa kampuni. Mdai akiomba mdeni wake atangazwe kuwa amefilisika, karani wa mahakama alitakiwa kupeleka ombi na siku ya kusikilizwa kwa PEC. Ikishindikana, mjumbe wa mahakama alikwenda katika ofisi iliyoandikishwa. Asipompata mtu, hati ziliwekwa katika ofisi ya manispaa, na mdeni akahesabiwa kuwa amearifiwa. Basi kampuni iliweza kufilisiwa bila ya mtu wake yeyote kusoma neno. Lalamiko lilifika Mahakama ya Katiba, nayo katika hukumu namba 146 ya mwaka 2016 ililikataa: mfanya biashara ana wajibu wa kuiweka hai anwani yake, na wadai wanahitaji haraka. Hoja hiyo ni nzito kwa kampuni yenye makarani. Ni nyepesi zaidi kwa kampuni ndogo ambayo nywila ya sanduku imeondoka pamoja na mhasibu.

Mahakama hiyo haikuwa upande wa mpelekaji hati kwa upofu, wala upande wa mpokeaji. Sheria ya mwaka 2014 ilikuwa imesema kwamba hati iliyopelekwa baada ya saa 3 usiku ihesabiwe kuwa imepelekwa saa 1 asubuhi ya kesho yake. Mwenye muda unaokwisha usiku wa manane alinyang'anywa saa tatu, ilhali mashine haikulala. Hukumu namba 75 ya mwaka 2019 iliipa barua moja siku mbili: kwa mtumaji, siku ile ile aliyoipeleka; kwa mpokeaji, asubuhi ya pili, ili usiku wake usivunjwe.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 910 ya mwaka 2014 ilikataza ushahidi wa posta kama hii kukataliwa kwa sababu tu ni wa elektroniki. Kwa daraja ya juu ilitaka pia mtumaji atambulikane kwa yakini. Hapo PEC ilipungukiwa: ilishuhudia sanduku na saa, haikumshuhudia mtu.

Lakini Italia haikulegeza lazima. Amri ya mwaka 2020 iliagiza kampuni isiyotaja anwani itozwe faini ya euro 206 hadi 2,064, kisha ofisi ya daftari la kampuni iipe sanduku isiloliomba, la kupokea tu, lisiloweza kujibu.

Likabaki swali la sanduku lililojaa. Tarehe 5 Novemba 2024 Corte di Cassazione, mahakama ya juu ya rufani, ikiwa imeketi kwa jopo lake kuu, iliamua kuhusu mashauri yaliyotangulia mageuzi ya mwaka 2022: mashine ikirudisha taarifa kwamba hati haikufika, basi haikufika, hata kama kosa ni la mwenye sanduku aliyeacha kulisafisha, na wakili aliyeipeleka sharti aifikishe upya kwa njia za kawaida.