Ubepari si duka

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Antonio, mmoja wa wahusika, hana kiwanda wala shamba la mkonge. Ana merikebu zilizosheheni bidhaa baharini, na deni kwa Shylock. Kwa maana ya zamani ni bepari kamili, maana neno hilo tulilolipata kwa Wagujarati lilimtaja mtu wa biashara tu.

Lakini miaka miwili kabla, Azimio la Arusha lilikwisha kulipa neno hilo kazi nzito zaidi. Ubepari uliwekwa pamoja na ukabaila kuwa mfumo wa kung'olewa. Katika ubepari huo ardhi, migodi, mitambo na benki ni mali ya watu binafsi. Wasio nazo huuza nguvu zao kwa ujira. Faida humrudia mwenye mtaji, naye huiwekeza tena ili izae. Kiini chake ni mtaji na ujira. Kuuza na kununua kulikuwapo Kilwa karne nyingi kabla ya viwanda vya Manchester. Mama anayekaanga vitumbua kwa unga wake na jiko lake ni mfanyabiashara. Bepari ni yule mwenye hisa za kiwanda cha saruji ambacho huenda hajawahi kukikanyaga.

Nasisitiza hili kwa sababu mkanganyo wake umewaumiza watu. Februari 1967 benki zilitaifishwa, na hapo mtaji wenyewe uliguswa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yashike nafasi. Muuza chumvi, sukari na mafuta ya taa akatiwa kapu moja na mwenye benki. Mahali pengi maduka mapya hayakuwa tayari, bidhaa zikaadimika.

Neno ukomunisti nalo tumeliazima zima zima. Kwa Marx ni jamii isiyo na matabaka, ambamo njia za uzalishaji ni za wote, kila mtu anatoa kadiri ya uwezo wake na kupata kadiri ya mahitaji yake, na dola yenyewe inanyauka. Urusi ya Kisovieti haikudai kuwa imefika huko, ilisema inaelekea. Kilichokuwapo ni uchumi wa mpango, ambapo ofisi ya Gosplan mjini Moscow iliamua matrekta mangapi yaundwe na chuma kiende wapi. Mkate ulikuwa wa bei nafuu na kazi ilikuwa ya uhakika, ila foleni zilikuwa ndefu na mpinzani hakuvumiliwa. Uchumi huo ndio unaopaswa kupimwa dhidi ya ubepari, ambao hujaza rafu za duka na kumwacha asiye na fedha azitazame. Kupima ndoto ya Marx dhidi ya maisha halisi ya Chicago si haki, na kinyume chake pia si haki.

Limebaki neno ujamaa, ambalo waandishi wengi hulitumia kwa Moscow na kwa Dodoma bila kubagua. Katika kijitabu chake cha 1962, Nyerere aliujenga ujamaa juu ya familia ya Kiafrika, akaukataa ule uliosimama juu ya mapambano ya kitabaka. Kwa Marx mapambano hayo ndiyo yanayoisukuma historia. Kwa hiyo mfumo wa Moscow mimi nauita usoshalisti, lengo lake nauita ukomunisti, na ujamaa nauacha kwa siasa ya TANU, chama cha Nyerere.