Soko Lililogharimia Msikiti: Wakfu na Historia ya Istanbul

Mgeni anayefika Istanbul hupangiwa ratiba inayofanana karibu kila mahali: asubuhi Ayasofya, yaani Hagia Sophia ya Wagiriki, mchana Soko Kuu, jioni chakula. Nami niliifuata ratiba hiyo. Hata hivyo, kwa mtu anayefundisha historia, swali moja halikuepukika: ni nani aliyekuwa akiyalipia haya yote? Jibu lake huviunganisha vivutio hivyo vitatu, nalo ni neno ambalo Waswahili tunalo tangu zamani: wakfu.

Sultani Mehmed II aliuteka mji huo mwaka 1453 na kuligeuza msikiti kanisa la Ayasofya, lililokamilika mwaka 537 chini ya Mfalme Justinian. Jengo la ukubwa ule lilihitaji matengenezo ya kudumu, mafuta ya taa na posho za watumishi. Miaka michache baadaye sultani akaamuru ujenzi wa bedesten, ukumbi wa mawe wenye makuba ulioandaliwa kwa biashara ya vitambaa na bidhaa za thamani, na mapato yake yakawekwa wakfu kwa ajili ya Ayasofya. Kuuzunguka ukumbi huo ndiko lilikokua Soko Kuu la leo, lenye njia zaidi ya 60 na maduka yapatayo 4,000. Mfanyabiashara wa soko hilo, awe Muislamu, Mkristo au Myahudi, alipolipa pango aliutunza pia msikiti.

Utaratibu huo ulienea. Soko la Viungo, ambalo Waturuki huliita Soko la Misri, lilijengwa katika karne ya 17 ili pango lake liutunze Msikiti Mpya ulio jirani. Msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na Sinan kati ya 1550 na 1557, ulizungukwa na madrasa, hospitali na jiko la umma liitwalo imaret. Jiko hilo liligawa mkate na supu: ya mchele asubuhi, ya ngano jioni. Siku za Ijumaa na usiku wa Ramadhani palipikwa wali kwa nyama ya kondoo, pamoja na zerde, wali mtamu wa zafarani ambao hata leo hupikwa nchini Uturuki.

Tusiupambe mfumo huu kupita kiasi. Sehemu kubwa ya mali yake ilitokana na ushindi wa vita. Katika majiko hayo watumishi, wanafunzi na wageni walitangulia kula. Maskini walisubiri zamu ya mwisho. Matajiri nao walitumia wakfu kulinda mali za familia zao zisitaifishwe. Lakini kila wakfu ulikuwa na hati iliyotaja chanzo cha mapato, matumizi yake na msimamizi wake, na kadhi aliweza kumtaka msimamizi huyo atoe hesabu.

Mwaka 1826 dola ya Osmani iliunda wizara ya kusimamia wakfu. Mapato yakaanza kuvutwa kuelekea hazina kuu, na majengo mengi yakakosa matunzo. Jamhuri ilipozaliwa, Baraza la Mawaziri liliamua, tarehe 24 Novemba 1934, kuifanya Ayasofya makumbusho. Tarehe 10 Julai 2020 Baraza la Dola, mahakama ya juu ya utawala, lilibatilisha uamuzi huo kwa hoja kwamba hati ya wakfu ya Mehmed II ililitenga jengo liwe msikiti.

Wako walioshangilia na wako walioomboleza. Mimi naona kwamba mjadala ule uliegemea nusu moja tu ya hati. Matumizi ya jengo yalijadiliwa dunia nzima; upande wa mapato, hesabu na wanufaika haukuzungumzwa sana. Tangu Januari 2024 mgeni kutoka nje hulipa euro 25 kuitembelea roshani ya juu ya Ayasofya. Raia wa Uturuki ana haki ya kuuliza fedha hizo zinatunza nini.

Swali hilo linatuhusu pia, kwa kuwa Zanzibar na Mombasa zina mali za wakfu, zikiwemo nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na zina taasisi za umma za kuzisimamia. Nawaomba wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma mnaosoma hapa mchague jengo moja la wakfu mnalolijua na mwulize mambo manne: hati yake iko wapi, pango lake ni kiasi gani, nani hulipokea, na je, wale waliotajwa kuwa wanufaika wanapata chochote? Mtumishi mwadilifu hatakosa majibu, na akiyakosa, hapo ndipo utafiti wenu uanzie.