Nyimbo za Vita na Amani Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mwanza na wilaya zinazoizunguka, wimbo wa vita haufi vita vinapokwisha. Huhamia shambani, shuleni, kanisani au kwenye mkutano wa chama; maneno hubadilishwa, sauti ikabaki. Kirumba, kata ya Manispaa ya Ilemela iliyo kando ya ziwa, imepokea karibu kila tabaka la nyimbo hizo. Uwanja wa CCM Kirumba umebeba mikutano ya siasa na matamasha ya muziki, na soko la Mwaloni, maarufu kwa dagaa na samaki wakavu, huvuta wanunuzi hadi kutoka Congo na Burundi, ambao nao huja na nyimbo zao.

Historia yenyewe inaanzia kwenye msafara na kwenye uwanja wa ngoma. Katika karne ya 19 vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi walipagaa mizigo kati ya bara na pwani, na msafara ulikwenda kwa mwendo wa nyimbo, kirangozi akitangulia kwa sauti na wengine wakiitikia. Karne hiyohiyo ndiyo iliyozaa mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ambayo masimulizi yanayahusisha na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Makundi hayo hucheza uso kwa uso, kila moja na manju wake, na kila moja hujitahidi kuwavuta watazamaji wa mwenzake kwa nyimbo, vituko, wanyama na dawa. Kundi linaloachwa na watu ndilo lililoshindwa. Lugha ya nyimbo hizo ni ya vita vitupu. Adui hutukanwa, hutishwa na kuzikwa angali hai, lakini jioni pande zote mbili hurudi nyumbani salama. Miaka ya 1950 Padre David Clement, mmisionari kutoka Canada aliyefanya kazi Bujora karibu na Kisesa, aliyaunganisha mashindano hayo na sikukuu ya Ekaristi. Hivyo ndivyo sherehe ya Bulabo, inayofanyika karibu na mwezi Juni, ilivyokuja kuwa jukwaa kubwa la Bagika na Bagalu.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta vita vya aina nyingine kabisa. Ziwa lilikuwa mpaka wa Waingereza na Wajerumani. Meli ya Kiingereza Sybil ilikwama Majita mwaka 1914, Bukoba ikashambuliwa Juni 1915, na Julai 1916 Waingereza wakaiteka Mwanza. Walioumia zaidi hawakuwa wapiganaji. Walikuwa wapagazi, waliochukuliwa kwa mamia ya maelfu na pande zote mbili, na wengi wao wakafa kwa njaa, kuhara na uchovu. Nyimbo za msafara zikageuka nyimbo za jeshi bila kubadilika sana, kwa kuwa mzigo ulikuwa uleule juu ya kichwa kilekile. Wimbo wa Funga Safari, unaofungamana na KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza ambalo Waswahili waliliita Keya, ni wa ukoo huo. Ni wimbo wa watu wanaoagizwa kuondoka, na ushujaa hauchukui nafasi kubwa ndani yake.

Vita hiyohiyo ndiyo iliyosambaza beni. Ngoma hii ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, gwaride lao, sare zao na vyeo vyao. Ikagawanyika katika Marini na Arinoti. Wa kwanza walijiona waungwana, na wa pili walikusanya zaidi wageni na watu wa hali ya chini. Askari na wapagazi waliibeba hadi bara, na kila kundi likawa na mfalme wake, majenerali wake na madaktari wake. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975, akionyesha kwamba haikuwa uigaji wa kijinga kama maofisa wa kikoloni walivyodhani. Ilikuwa pia chama cha kuzikana na kusaidiana. Watu waliokuwa wameamriwa kwa miaka walijipa vyeo wenyewe, na hilo liliwatia maofisa wasiwasi zaidi ya kelele za matarumbeta.

Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma. Safari hii jeshi liliunda kikosi cha burudani, na miongoni mwa waliopita humo alikuwa Fundi Konde wa pwani ya Kenya, aliyewatumbuiza askari hadi India na Burma. Waliorejea walirudi na magitaa, masikio yaliyozoea rumba na dansi za Ulaya, na mazoea ya kuimba Kiswahili kwa watu wa makabila mchanganyiko. Dansi ya mijini ya miaka ya 1950 inadaiwa mengi na kambi hizo, ingawa mashairi yake yalizungumza mapenzi zaidi ya mizinga. Aliyetoka Burma, inaonekana, hakuwa na hamu ya kuiimba.

Harakati za uhuru zilirudisha sauti ya mapambano. Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wafuasi wa Mau Mau walichukua tuni za nyimbo za kanisa wakazitia maneno ya ardhi na kiapo. Usukumani hakukuwa na vita, lakini TANU ilizuiwa kufanya kazi huko kuanzia 1954 hadi 1958. Pale chama kilipofungiwa mlango, ngoma ilipita, kwa sababu mkuu wa wilaya asiyejua Kisukuma hakuwa na njia rahisi ya kupambanua wimbo wa kulima pamba na wimbo wa kudai nchi.

Baada ya uhuru, Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo kulivunja jeshi lililorithiwa kwa mkoloni. Taasisi hizi ziliingia katika muziki kwa milango miwili. Mmoja ni chenja, nyimbo za kukimbia na kuchapa kazi ambazo kila aliyepitia JKT anazijua, nyingi zikiwa hazina mtunzi anayejulikana. Wa pili ni bendi. Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT, Polisi Jazz na Magereza Jazz zilikuwa bendi za dansi kamili, zenye mashabiki wao katika kumbi za mijini. Nchi nyingi zina matarumbeta ya gwaride. Ni chache ambazo askari wake walishindana na raia kwa rumba. Wanamuziki hao walilipwa mshahara wa serikali, na hilo liliwapa utulivu ambao wenzao wa bendi binafsi waliutamani.

Miaka hiyo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na Redio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD, ilitoa muda wa matangazo kwa vyama vya ukombozi vya kusini. Kwa msikilizaji wa Mwanza, vita vya Msumbiji na Zimbabwe vilikuwa jambo la redioni. Hali hiyo ilibadilika Oktoba 1978.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia eneo la kaskazini mwa mto Kagera mwishoni mwa mwezi huo, yakapora, yakaua na kulitangaza kuwa sehemu ya Uganda. Novemba 2 Rais Nyerere alilihutubia taifa. Jeshi likapanuliwa kutoka takriban askari 40,000 hadi zaidi ya 100,000, mgambo wakiwemo, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Mwanza haikuwa mbali na vita hivyo kama ramani inavyodanganya. Ilikuwa njia ya askari na mafuta, na Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilikusudia kulipua ghala la mafuta la mji. Mabomu yakakosa shabaha na kuangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, yakaua swala.

Muziki wa miezi hiyo ulipitia RTD, kituo pekee cha redio Tanzania Bara. Bendi na kwaya ziliingia studio kurekodi nyimbo za kulaani uvamizi, kuhimiza michango na kusifu wapiganaji, na hotuba ya rais ikageuka ghala la maneno kwa watunzi. Nduli, jina alilobandikwa Amin, lilipita kutoka jukwaani hadi kwenye kibwagizo. Kama kazi za sanaa, nyingi ya nyimbo hizo hazina uzito. Zilitungwa haraka, kwa msimamo mmoja na kwa sifa zilezile. Zilichofanya vizuri ni kuunganisha watu waliokuwa wakitoa ng'ombe, nafaka na vijana wao. Za kuomboleza waliokufa zilikuwa chache mno, ukilinganisha na makaburi yaliyopo Kaboya, wilayani Muleba.

Wimbo uliodumu kuliko yote haukuhitaji studio. Ni ule wa mchakamchaka, mbio za asubuhi za wanafunzi wa shule za msingi, ambamo watoto waliapa kwamba kifo cha Amin hakitawatoa chozi, na maiti yake wakaikabidhi kwa mamba wa Kagera. Hatua za mbio ndizo ngoma yake, kiranja ndiye manju wake. Amin mwenyewe alifia Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 16, 2003. Kizazi kizima kilichozaliwa baada ya vita kilikuwa kimeshakimbia kwa wimbo huo bila kujua sawasawa huyo Amin alimkosea nini nani.

Vita viliacha pia silaha mikononi mwa watu, uchumi ukaanguka, na wizi wa ng'ombe ukazidi. Mwaka 1981 na 1982 vijiji vya Shinyanga na Kahama vilianzisha sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenye pinde, mishale na filimbi, ambao ulienea upesi hadi Mwanza na Tabora. Wenyewe walijiita pia Basalama, watu wa salama. Nyimbo zao ni mfano mzuri wa mchanganyiko wa eneo hili. Zina utii na vyeo vya jeshi, mipasho ya Bagika na Bagalu, na lengo la kulala usingizi bila hofu. Mwizi aliimbwa kwa jina hadharani, na aliyeimbwa alielewa kwamba hana budi kuhama. Amani hiyo haikuwa ya upole. Wapo waliopigwa na kuuawa kwa tuhuma tu, wakiwemo vikongwe walioitwa wachawi.

Upande wa Mara, historia ilichukua mkondo wa benga. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa eneo la Shirati mwaka 1940 na kufanya kazi zaidi Kenya, aliongoza Shirati Jazz kwa zaidi ya miaka 30. Aliimba Kijaluo na kuficha siasa ndani ya mafumbo ya wanyama na ya Biblia. Serikali ya Kenya ilimkamata zaidi ya mara moja. Alikufa katika ajali ya gari Kisumu mwaka 2006.

Mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 yaliufikisha wimbo wenyewe mahakamani. Miili ya waliouawa Rwanda ilisombwa na mto Kagera hadi ziwani, walaji wengi wakasusa samaki, na mwishoni mwa Aprili karibu wakimbizi 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Mwanamuziki Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilirushwa na redio RTLM wakati wa mauaji, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha. Hukumu ya Desemba 2008 inastahili kusomwa na kila anayedhani wimbo ni silaha kama panga. Majaji walikubali kwamba nyimbo hizo zilitumika kuchochea chuki, lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kumtia hatiani kwa nyimbo zenyewe, zilizotungwa kabla ya mauaji. Walimfunga miaka 15 kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani Juni 1994.

Waliokimbia nao waliimba. Tangu 1972, Warundi walionusurika mauaji ya mwaka huo waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Kutoka Ulyankulu ikazuka kwaya ya Barabara ya 13, ambayo kanda zake zilisikika kwenye mabasi na maduka ya Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi. Nyimbo zake ni za injili, na neno vita humo kwa kawaida ni vita vya kiroho. Lakini wasikilizaji walijua waimbaji walitoka wapi, na nyimbo za safari na nyumba ya milele zilibeba uzito ambao kwaya nyingine isingeweza kuutoa kwa maneno yaleyale. Hizi ndizo nyimbo za amani zilizo bora katika eneo hili, ingawa nyingi haziitaji amani kwa jina. Mwaka 2014 wengi wa wakimbizi hao walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Tangu mfumo wa vyama vingi uanze mwaka 1992, amani imekuwa mada ya kampeni. Tanzania One Theatre, kundi la CCM lililoongozwa na Kapteni John Komba, mwanajeshi aliyegeuka kiongozi wa kwaya na baadaye mbunge, liliimba umoja na utulivu kwa lugha ya gwaride, na kilio chake cha msiba wa Nyerere mwaka 1999 kilisikika nchi nzima. Upinzani umelalamika kwamba wimbo wa amani ukiimbwa na mshindani mmoja huwa ni wimbo wa ushindi. Bongo fleva, kwa upande wake, ilichukua msamiati wa kambi na kuuacha uadui wake. Morogoro ilitoa Afande Sele, Dar es Salaam ikawa na Kikosi cha Mizinga cha Kalapina, na Fid Q wa Mwanza akajenga jina kwa mitindo ya majigambo ambayo manju wa Bagika asingeshindwa kuielewa.

Urithi huu umehifadhiwa kwa viwango visivyolingana. Rekodi za RTD, ambazo sasa ziko chini ya TBC, zina nyimbo za bendi na kwaya za miaka ya Kagera. Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 mkusanyiko mkubwa wa nyimbo za kazi za Kisukuma. Bujora ina ngoma na vifaa vya mashindano. Chenja na nyimbo za mchakamchaka zimerekodiwa kidogo sana, na zinabadilika maneno kutoka shule hadi shule na kambi hadi kambi.